Wino Mwekundu na Mchuzi wa Mtindi

Katika miaka yangu ya ualimu nimesahihisha maandishi ya kila namna: insha, barua za kikazi, kumbukumbu za vikao, maandalio ya masomo ya walimu wageni, na hata hotuba moja ya mgeni rasmi aliyefika nayo ikiwa haina mwisho. Sikudhani kwamba uzeeni nitakaa mezani, miwani puani, nikihakiki karatasi ya mapishi. Lakini uhakiki ni uhakiki. Tukiiuliza riwaya kama inasema kweli, hatuna sababu ya kuyaonea haya mapishi tusiyaulize swali hilohilo. Tena mapishi yana mtihani mkali zaidi, kwa kuwa jibu linapatikana sufuriani kabla nusu saa haijaisha.

Karatasi zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni ukurasa uliochanwa katika daftari la hisabati, lile la miraba, umekunjwa mara nne na una madoa ya manjano yasiyotoka. Mwandiko ni wa mke wangu, wa mwaka 1984. Ya pili ni karatasi nyeupe safi ambayo mjukuu wangu aliniletea kutoka mjini mwaka jana, imepigwa chapa, haina jina la mwandishi. Aliileta baada ya kusikia kwamba babu ameharibu sufuria nzima ya maziwa. Zote mbili zinafundisha kitu kimoja, nacho ni mchuzi mwepesi wa mtindi na viungo, kama unavyopikwa Kerala, kusini kabisa mwa India.

Msomaji wa Mwanza ataniuliza, Kerala imefikaje huku ziwani? Wahindi tuliowazoea katika maduka yetu, wengi wao asili yao ni Gujarati na Kachchh, upande wa magharibi. Baadhi ya wazee wao walifuata biashara baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinapita bandari hadi bandari. Waliuza nguo na chumvi, wakanunua ngozi, samli na pamba, na wengine wakajenga viwanda vya kuchambulia pamba hiyo. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971 wengi walifunga mizigo. Waliobaki, na walioondoka pia, wana mchuzi wao wa mtindi uitwao kadhi. Watu wa Kerala walikuja kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa chaki. Walikuwa walimu wa hisabati na sayansi, walioajiriwa kwa mikataba, na walisambaa katika shule za Afrika Mashariki hadi Ethiopia.

Mmoja wao alifundisha hisabati katika shule niliyokuwa naiongoza, kando ya ziwa. Mkewe wanafunzi walimwita Mama Hisabati, ingawa yeye hakuwa mwalimu. Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa uhaba. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia madeni, na maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni na kwa majina. Nyama ilikuwa ya sikukuu. Lakini nchi ya Wasukuma haikosi ng'ombe, na maziwa yaliyosukwa katika kibuyu yaliendelea kuja asubuhi kichwani mwa akina mama, siagi ikiwa imekwisha kutolewa. Mama Hisabati alipoona tunayanywa tu, au tunalia michembe, alishangaa. Kwao kikombe kimoja cha mtindi kingewalisha watu wanne na wali. Basi akakaa na mke wangu chini ya mwembe, akimwelekeza kwa Kiswahili chake cha miezi sita na kwa mikono, na mke wangu akaandika.

Nikaja mimi jioni. Karatasi ilikuwa mezani na kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, mahali pake pa kila siku. Nikaisahihisha.

Naomba msomaji anivumilie nilieleze kosa hili polepole, maana ndilo kiini cha makala hii. Mwaka juzi mke wangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakaondoka karibu yote; yamebaki machache, na mengine yanakuja mahali pasipo pake. Kumeza chakula kigumu ni shida. Siku moja, baada ya kusukuma uji wa tatu, alionyesha kabati kwa mkono wa kushoto, akashikilia hadi nikafungua, nikatoa makaratasi moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwenye ukurasa wa miraba. Akautwanga kwa kidole. Alitaka mchuzi wake. Binti zetu wako mbali, na mwenye kujua kupika alikuwa amelala mbele yangu bila uwezo wa kunielekeza. Nilibaki mimi na maandishi.

Tuyatazame basi maandishi hayo, tukianza na yale ya chapa, kwa kuwa sura yake inavutia. Vipimo vimepangwa kama askari: mtindi vikombe viwili, nazi iliyokunwa nusu kikombe, manjano nusu kijiko cha chai, binzari nyembamba kijiko kimoja, pilipili mbichi mbili. Kisha mafuta ya nazi vijiko viwili, haradali, uwatu, pilipili kavu, na majani ya kari. Kama ni andalio la somo, ningempa mwandishi alama nzuri kwa malengo na vifaa. Halafu inakuja hatua ya nne: changanya mtindi na nazi iliyosagwa, chemsha kwa moto wa wastani kwa dakika kumi.

Ndugu msomaji, usichemshe. Mtindi ni maziwa ambayo tayari yamechacha, na maziwa yaliyochacha yakipata moto mkali hukatika. Ile sehemu yake inayojenga mwili inashikana na kuwa mabonge, na maji ya kijani-njano yanajitenga pembeni. Hakuna kukoroga kutakakoirudisha. Tena mtindi wetu wa kibuyu, kwa kuwa umetolewa siagi, hukatika upesi kuliko ule wenye mafuta yake. Wapishi wa kadhi wanalijua hilo, ndiyo sababu wao hutia unga wa dengu. Unga unazuia mabonge, na mchuzi unaweza kuchemka bila wasiwasi. Wanaongeza sukari guru kidogo na tangawizi, na wanapata kitu kizito, chenye utamu na ukali pamoja, kizuri sana kwa ule wali wao unaopikwa na choroko. Siuvunjii heshima. Ila mchuzi wa Kerala hauna unga. Ulinzi wake ni nazi kidogo na macho ya mpishi, basi. Nadhani aliyeandika ile karatasi ya chapa alichukua vifaa vya mchuzi mmoja na moto wa mchuzi mwingine, na hakupika alichoandika. Huo ni udanganyifu, hata kama hakukusudia. Nasema hivi kwa uchungu wa sufuria ya pili.

Hapa niseme neno kuhusu neno lenyewe, mtindi. Kamusi za zamani zinasema mtindi ni maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa na kuondolewa siagi. Ukienda leo dukani Kirumba ukaomba mtindi, utapewa pakiti ya maziwa mgando ambayo hayajawahi kuona kibuyu, na mengine yametiwa sukari na harufu ya stroberi. Lugha huhama, sina ugomvi nayo. Lakini mapishi yanayosema "mtindi" bila kueleza ni upi yanamwacha mwanafunzi njia panda. Anayetumia pakiti achague isiyo na sukari, aiache mezani siku moja ili ichache zaidi, kisha aipige vizuri na nusu kikombe cha maji. Watu wa Kerala wao wameliweka neno mahali pake, moru, na moru ni kile cha kibuyu. Kuna tatizo kama hilo katika "binzari". Huku bara binzari ni manjano kwa mmoja, ni unga wa mchuzi wa kopo kwa mwingine, na binzari nyembamba ni kitu cha tatu, ambacho watu wa pwani hukiita jira. Nimeonja mchuzi wa mtindi uliotiwa unga wa kopo nyumbani kwa rafiki. Ulikuwa na ladha ya kila kitu. Sikumaliza.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa miraba. Kwa jicho la mtahini, ni kazi ya hovyo. Vifaa havikuorodheshwa; vinajitokeza vinapohitajika, kama wageni wa msibani. Vipimo ni "kiasi" na "kidogo" na "kama kawaida". Sentensi moja inasema hivi: saga nazi na binzari nyembamba na pilipili mbichi, usitie maji mengi utajuta. Nyingine inaamuru kukoroga bila kuondoka hata akija mgeni. Kuhusu haradali aliandika kwamba ikaangwe katika mafuta mpaka ilie. Pembeni mwa kila moja ya hizo kuna wino wangu mwekundu. "Kiasi gani?" "Majuto hayapimwi." "Dakika ngapi?" Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, msomaji, na nilikuwa mkuu wa shule.

Leo naihukumu upya kazi hiyo. Haradali ikaangwe mpaka ilie, hakuna kipimo sahihi kuliko hicho. Punje zake zikiiva katika mafuta ya moto hupasuka kwa sauti, zikirukaruka kama bisi ndogo. Dakika hazina maana, kwa kuwa moto wa mkaa na moto wa gesi haufanani, na sufuria nyepesi ya bati si sawa na kikaango kizito. Sikio halikosei. "Hata akija mgeni" nalo si mzaha wa kujaza ukurasa. Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa na wageni kutwa, na mke wangu alijua wapi hasa mchuzi wake ungeharibikia, yaani mlangoni, akimkaribisha mzazi fulani na mimi nikiwa nimejifungia na ripoti. Aliandika kwa ajili ya jiko lake na maisha yake. Mimi nilisahihisha kana kwamba anaandika kwa ajili ya watahini.

Sitaki lakini kujikana moja kwa moja. Mhakiki anayejipiga kifua kupita kiasi naye hasemi kweli. Mahali pamoja wino mwekundu ulikuwa na haki. Aliandika "uwatu kidogo", nikauliza kidogo ni nini, na swali hilo bado ni zuri. Uwatu ukizidi, au ukiungua, mchuzi mzima unakuwa mchungu kama dawa. Robo kijiko cha chai inatosha kwa vikombe viwili, na utiwe baada ya haradali kuanza kulia, usitangulie. Neno "kidogo" lilimtosha yeye kwa sababu alikuwa ameiona mikono ya Mama Hisabati. Kwangu mimi, miaka arobaini baadaye, halikutosha hata kidogo. Karatasi inayomtegemea shahidi aliyeona inakuwa bubu siku shahidi anapokuwa bubu.

Nafika kwenye sentensi iliyoniponza. Mara ya kwanza nilipopika nilifuata ukurasa huu neno kwa neno. Wino wa bluu wa mke wangu umefifia. Mwekundu wangu umebaki mkali, kwa hiyo palipo na masahihisho nilisoma masahihisho. Nilisaga nazi. Nikaipika kwanza na manjano, chumvi na maji kidogo, mpaka harufu ya ubichi ikaondoka. Nikapunguza moto, nikamimina mtindi, nikakoroga. Kwenye karatasi palisomeka, kwa mwandiko wangu ulionyooka, "Inapochemka, ipua." Nikangoja ichemke. Ikachemka, nikaipua, na nilichoipua ni mabonge yanayoelea katika maji. Nilidhani Mama Hisabati alikosea, au mke wangu alisikia vibaya. Kwa kweli nilimlaumu moyoni, mimi niliyesimama na mwiko mbele ya mgonjwa. Ndipo ikaja karatasi ya chapa, na sufuria ya pili, na mabonge yaleyale.

Mara ya tatu nilipeleka ukurasa dirishani. Chini ya mstari wangu mwekundu, ukiitazama kwa mwanga wa jua, sentensi ya awali bado inasomeka. Mke wangu aliandika: "Ikitaka kuchemka, ipua." Nilikuwa nimekata "ikitaka kuchemka", nikaandika juu yake "inapochemka", na pembeni nikaongeza kwa fahari ya mtu aliyesoma chuo cha ualimu, "Mchuzi hauna utashi!"

Nilikaa na ukurasa huo pale dirishani muda mrefu kiasi kwamba yule binti anayetusaidia alikuja kuuliza kama naumwa.

Kiswahili chake kilikuwa sahihi kabisa, na si kwa ushairi. Tunasema mvua inataka kunyesha, jua linataka kuzama, mtoto anataka kuanguka, na hakuna anayefikiri kwamba mvua ina moyo. Ni namna ya lugha yetu ya kutaja ile hatua ambayo jambo liko karibu kutokea na bado halijatokea. Katika mchuzi huu hatua hiyo ndiyo yote. Mvuke unaanza kupanda, povu jembamba linajitokeza ukingoni mwa sufuria, uso wa mchuzi unatetemeka katikati, na hapohapo unaipua, unaendelea kukoroga dakika moja au mbili kwa sababu sufuria ina joto lake, wala hufuniki. Nilipokata neno "ikitaka" nilidhani naondoa uzembe wa mtindo. Nilichoondoa ni maarifa yenyewe, kisha nikaandika kosa juu yake kwa hati nzuri.

Mtu atauliza, alipikaje miaka yote hiyo na karatasi yenye kosa? Jibu ni rahisi na halinipi sifa. Hakuisoma tena. Jioni ile nilipomrudishia alisema, "Haya, Mwalimu," akaikunja, akaiweka. Alipika kama alivyofundishwa, tukala, nikasifu, na nina hakika niliwahi kudhani kwamba masahihisho yangu yamesaidia.

Mara ya tatu nilimwomba akae jikoni kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilikuwa nimepata mtindi wa kweli kutoka Misungwi, mwembamba na mkali. Nazi, kama unavyojua, hapa kwetu ni mgeni wa kutoka pwani, na bei yake ni ya mgeni. Nusu ya moja ilitosha. Majani ya kari nilipewa na jirani mwenye asili ya Gujarati, ambaye ana mti uani, na ambaye alinisihi nitie unga wa dengu ili nisiaibike. Nilikataa kwa heshima. Mtindi ulipoingia sufuriani nilikoroga upande mmoja, na sikutazama saa. Nilimtazama yeye. Povu lilipotokea ukingoni aliinua mkono wa kushoto kutoka mapajani, kabla sijafanya uamuzi wowote, nikaipua. Ilikuwa laini kama kitambaa. Nikakaanga haradali mpaka ikalia, nikatia uwatu wa kupima, pilipili kavu mbili, majani yakapasuka kwa kelele kubwa iliyonirudisha nyuma hatua moja, na yote nikayamwaga juu.

Kama chakula, nakihukumu hivi. Ni chepesi kuliko kadhi na hakijazi tumbo la mtu aliyetoka shambani. Anayetaka kushiba atie vipande vya papai bichi vilivyochemshwa kwanza, au ndizi mbichi, au aandae samaki wa kukaanga pembeni. Ukali wake unakuja mbele, nazi inafuata, na uchungu mdogo wa uwatu unabaki nyuma ya ulimi. Na wali laini ni kizuri sana. Na ugali nimejaribu, kinateleza, lakini mlaji wa mlenda hatalalamika. Kesho yake, kikiwa cha baridi, ni kizuri zaidi, na atakayekipasha akumbuke sharti lilelile.

Mke wangu alikula nusu bakuli, akameza bila kukohoa. Halafu akasukuma kidole chake hadi kwenye kopo la chumvi.

Nimeunakili ukurasa ule kwa ajili ya mjukuu, kwa wino wa bluu, na vipimo nimevitia pembeni kwa penseli ili avifute akivizoea. "Utajuta" nimeliacha. Mgeni nimemwacha aje. Sentensi ya mwisho nimeiandika kama ilivyokuwa mwaka 1984.